Simu ya Dada Pasi Iliyonyamaza Hewani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sianzi na muziki. Mmezoea kusikia wimbo kwanza, halafu sauti yangu ndiyo inafuata. Leo mtanisikia mimi peke yangu, maana nimebeba jambo zito.

Dada Pasi amefariki dunia. Narudia, kwa ajili ya wale mnaojiunga nasi sasa hivi. Dada Pasi, yule mpiga pasi tuliyezoea kuongea naye kila Alhamisi, amefariki. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Hakuwa mgonjwa. Hakulazwa. Hakutuaga.

Wengi wenu mlikuwa mnasikiliza Alhamisi ile. Mlisikia nimemkaribisha hewani, na mlisikia kimya. Tangu siku hiyo mmetuandikia na kutupigia mkiuliza: Dada Pasi yuko wapi? Mbona simu yake ilikatika?

Haikukatika. Ndiyo sababu nimekaa hapa leo. Simu haikukatika.

Kwa mgeni wa kipindi hiki, nieleze kidogo. Kila asubuhi tunafungua laini za simu na tunauliza jambo moja tu. Unasikiliza wimbo gani leo, na kwa nini? Watu wengi wanajibu ile sehemu ya kwanza, ya pili wanaikwepa. Utasikia mtu anasema, aa, basi tu, ni mzuri. Dada Pasi hakuwa wa basi tu. Siku moja alisema anasikiliza wimbo fulani kwa sababu urefu wake unalingana na shati. "Ukianza naanza na kola," akasema. "Ukiisha nimemaliza mkono wa pili. Wimbo mrefu kuliko huo unaniunguzia nguo." Siku nyingine alichagua wimbo wa mapenzi, wa kilio kitupu, na nilipomuuliza kwa nini akasema, "Leo nina mashuka ya hoteli nzima, na kulia mimi peke yangu haitoshi."

Hivyo ndivyo mlivyomjua. Mimi pia ndivyo nilivyomjua. Uso wake sikuwahi kuuona mpaka nilipofika nyumbani kwake kwenye msiba, nikauona kwenye picha iliyosimamishwa juu ya kabati. Mwanamke mfupi, mabega mapana, kovu la kuungua kwenye kiganja cha mkono. Anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha.

Dada yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alinikalisha pembeni akanisimulia utoto wao. Alisema mdogo wake alipenda muziki kuliko wali, ila muziki wenyewe haukumpenda. Hakuwa na sauti. Shuleni aliingia kwaya kwa kung'ang'ania, na mwalimu wa kwaya, baada ya kuvumilia sana, akamwita pembeni akamwambia, "Wewe fungua mdomo tu. Sauti waachie wenzako." Na yeye akakubali. Alisimama mstari wa mbele miaka yote ya shule, mdomo wazi, bila kutoa sauti. Wazazi wakija kuangalia wanasema yule mtoto mfupi anaimba kwa hisia kweli.

"Hakuwa mtu wa kuona aibu," dada mtu aliniambia. "Mimi ningehama shule."

Alipokua akaajiriwa kwenye duka la dobi, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho. Nimeingia humo. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna mashine za kufulia, na kati yake, kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, kuna meza mbili za kupigia pasi. Joto la humo linakushika kichwani kabla hujamaliza kusalimia. Redio iko juu ya rafu, imevishwa mfuko wa nailoni ili mvuke usiiharibu, na mfuko wenyewe umepasuliwa pale tu penye kitufe cha sauti. Redio ni yake. Mwenye duka alitaka kuiondoa zamani, akidai inawachelewesha watu. Dada Pasi akamwambia, "Bosi, ukiitoa hiyo, na mimi nitundike kwenye henga ya nguo, univike mfuko, unipeleke huko inakokwenda." Redio ikabaki.

Mwenzake wa meza ya pili ni mama mmoja anayeitwa Mama Madoa, kwa sababu hakuna doa lililowahi kumshinda. Mkumbukeni Mama Madoa. Nitarudi kwake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwaambie alivyoanza kutupigia. Wengine mnakumbuka, mlicheka siku ile. Lakini kilichokuwa nyuma yake hatukukijua.

Dada Pasi aliolewa na dereva wa lori, mwanamume aliyefiwa na mke na kubaki na binti wa miaka kumi na mmoja. Dereva ni mtu wa safari. Anaondoka leo, anarudi wiki ijayo. Kwa hiyo ndani ya nyumba walibaki wawili tu, mpiga pasi na mtoto ambaye hakumtaka. Mtoto hakuwa mtukutu. Alikuwa anajibu akiulizwa, na anakula akiandaliwa. Akishamaliza anaingia chumbani kwake, anafunga mlango, anasikiliza wimbo kwenye simu ya zamani iliyokuwa ya marehemu mama yake. Wimbo mmoja. Huo huo, kila jioni, kwa sauti ya chini. Chumba chake na jiko vimetenganishwa na ukuta mwembamba, na Dada Pasi akiwa anakata vitunguu alikuwa anausikia.

Alijaribu kumwita mwanangu. Mtoto akamwambia, kwa adabu kabisa, "Mimi si mwanao."

"Sawa," akasema. "Basi wewe ni jirani yangu, maana tunachangia ukuta."

Akaanza kumwita Jirani. Asubuhi anagonga mlango: "Jirani, uji umeiva." Jioni: "Jirani, umerudi salama?" Mtoto hakuitikia, ila hakukataa pia.

Halafu ile simu ya marehemu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Dada Pasi aliipeleka kwa fundi, fundi akaifungua, akaikausha, akatikisa kichwa. Imekufa, na vilivyokuwemo vimekufa nayo. Kuanzia hapo ukuta ukanyamaza. Mtoto akaacha kula. Alikuwa anakaa kitandani na ile simu mapajani, imezima, kama mtu anayesubiri ipigwe.

Ndipo Dada Pasi akatupigia. Nakumbuka kama jana. Nikamuuliza, dada, unasikiliza wimbo gani?

"Siusikilizi tena," akasema. "Na jina lake silijui. Nimeusikia ukutani tu. Naomba mnisaidie kuutafuta."

"Una mashairi yake yoyote?"

"Maneno yalikuwa hayapiti ukuta. Kilichopita ni mdundo. Nikuimbie?"

Wasikilizaji, mliokuwepo mnajua. Aliimba. Yule mtoto aliyeambiwa shuleni afungue mdomo tu, aliimba redioni, nchi nzima ikisikia. Ilikuwa kama mtu anasukuma kabati zito kwenye sakafu ya saruji. Nilicheka mpaka nikazima kipaza sauti changu. Msikilizaji mmoja akapiga akasema huo ni wimbo wa tangazo la sabuni. Mwingine akaapa ni wimbo wa mazishi. Dada Pasi hakukasirika. Kila mmoja alimjibu, "Hapana, asante, siyo huo," kisha akaomba aimbe tena, pengine mara hii atapatia.

Aliyeutambua ni mlinzi mmoja wa ghala. Alipiga akasema, "Anaukosea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, lakini pale anapovuta pumzi, anavuta palepale mwimbaji anapovuta. Naujua huo wimbo." Akatutajia.

Tukaupata. Dada Pasi akaniomba tusiupige wakati ule, tuupige jioni, mtoto akiwa amerudi kutoka shule. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kuna jirani yangu anautafuta." Sikuelewa, ila tukaupiga jioni.

Yaliyotokea jikoni jioni hiyo nimeyasikia wiki hii, kutoka kwa Jirani mwenyewe. Sasa ni binti wa miaka ishirini, anasomea ufundi wa umeme. Alisema alikuwa chumbani aliposikia wimbo unatokea upande wa pili wa ukuta. Akatoka. Akasimama mlangoni mwa jiko. Redio iko juu ya meza, Dada Pasi anakaanga kitu, amempa mgongo.

"Umeujuaje?" mtoto akauliza.

"Nilikuwa nausikia."

Wimbo ukaendelea. Ulipoisha, Dada Pasi akauliza bila kugeuka, "Kwa nini huo?"

"Mama alikuwa anauimba akinisuka."

"Aha," akasema. "Kumbe. Basi ni lazima uwe huo." Akapakua chakula sahani mbili. Mtoto akakaa akala.

Kuanzia hapo wakawa na utaratibu wao. Kila jioni kila mmoja analeta wimbo mmoja na sababu yake. Hedifoni moja, sikio lako, sikio langu. Sheria ilikuwa hakuna kucheka mpaka sababu itolewe. Jirani alipoingia ujana akaanza kuleta miziki ya kelele, ya kugonga vichwa, na Dada Pasi anasikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana, halafu anauliza, "Huyu anaimba au anagombana na mwenye nyumba? Haya, sababu."

Dereva aliniambia siku moja alirudi safari bila kutoa taarifa, akawakuta jikoni, vichwa vimegusana, waya mmoja kati yao. "Hakuna aliyeniona," akasema. "Nikahisi nimeingia nyumba ya watu. Nikatoka nje, nikakohoa, nikaingia upya."

Kwa njia hiyo hiyo ndivyo walivyoambiana mambo. Mwaka juzi Jirani alileta wimbo wa kawaida tu, wa kuchezeka. Dada Pasi akauliza sababu. Jirani akajibu, "Kwa sababu nataka kuacha chuo, na sijui nianzie wapi kusema." Dada Pasi akazima jiko. Akavuta kiti. Kumbe kwenye karakana mkufunzi mmoja alikuwa anamtumia binti huyu kumshikia koleo na kumletea chai, wakati wenzake wa kiume wanafunga nyaya. Mwaka mzima hajagusa waya wenye umeme. Kesho yake Dada Pasi aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni alilolipiga pasi mpaka linasimama lenyewe, akaenda chuoni. Jirani anasema hakupaza sauti. Alimwambia mkuu wa chuo, "Mimi nalipa ada ya fundi umeme. Kama mlikuwa mnafundisha kuchemsha chai, mngeniambia, maana chai huyu anaijua." Jirani akahamishiwa kwa mkufunzi mwingine. Mwaka huu anamaliza.

Na katika miaka yote hiyo binti hakuwahi kumwita mama. Wala mwenzake hakuwahi kumwita mwanangu tena. Waliitana Jirani, wote wawili. Wageni wakija wanashangaa, mtoto anaitikia ndani ya nyumba, "Naam, jirani."

Nimewaambia haya yote ili mjue ni nani aliyekuwa kwenye simu Alhamisi ile.

Mama Madoa anasema asubuhi hiyo Dada Pasi alifika akilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Siyo sana. Alimeza vidonge viwili na maji, akasema ni joto. Alipiga mashati, alipiga suti. Kisha akachukua simu yake akatupigia kama kawaida. Aliyempokea ni mtayarishaji wetu, kijana mnayemjua kwa sauti. Yeye ndiye anayeandika wimbo na sababu kabla mtu hajaingia hewani. Dada Pasi akamtajia wimbo, na mtayarishaji akashangaa, kwa sababu ulikuwa wimbo wa harusi. Wa zamani, wa kuingilia ukumbini. Na Dada Pasi, kama mnavyokumbuka, alikuwa hazitaki nyimbo za harusi hata kuzisikia. Alikuwa anasema amepiga pasi suti za mabwana harusi wengi mno, na wote wanakuja kuzichukua wakiwa wamechelewa.

"Leo wimbo wa harusi, dada?" mtayarishaji akamuuliza. "Kwa nini?"

"Hiyo sababu nitamwambia mtangazaji mwenyewe," akasema. Alikuwa anacheka. Mtayarishaji anasema alikuwa anacheka.

Akawekwa kwenye foleni. Mbele yake alikuwapo mwalimu mmoja aliyesimulia sana. Halafu nikamkaribisha. Nikasema, Dada Pasi, habari za mvuke? Unasikiliza nini leo?

Mlisikia nilichosikia. Mvuke unafoka. Sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye redio yake, nyuma kidogo ya maneno yangu. Nikasema tena, Dada Pasi? Kikasikika kishindo, kama henga zinaanguka. Halafu sauti ya mwanamke, kwa mbali, "Dada. Dada." Nikasema mtandao umemchukua mteja wetu, tutamrudia. Nikaenda kwa msikilizaji mwingine. Nadhani alikuwa muuza viatu. Sikumbuki hata wimbo alioutaka.

Yule aliyekuwa anaita alikuwa Mama Madoa. Alinusa nguo inaungua. Alipogeuka, pasi imelala juu ya suruali ya mtu, na Dada Pasi amekaa sakafuni, ameegemea rafu, simu iko sikioni, mkono umeishikilia. Macho wazi. "Nilidhani amekaa kupumzika," Mama Madoa aliniambia. "Nikamwambia, dada, inuka, unaunguza nguo. Alikuwa ananiangalia. Mpaka sasa namwona ananiangalia."

Walimwinua, wakampakia kwenye gari la mwenye duka, wakamfikisha hospitali. Daktari alisema ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Hakuzungumza tena. Hata jioni haikufika. Dada yake muuguzi, aliyewashika mikono wagonjwa wa watu kazi yake yote, alifika wakati wanamfunika. Alisema, "Najua vitu hivi vinatokea. Nawaeleza watu kila siku kwamba vinatokea. Nilisimama pale sielewi hata neno moja."

Na Jirani alikuwa karakana ya chuo. Wana redio kule. Kila Alhamisi alikuwa anawanyamazisha wenzake jirani yake akiingia hewani. Siku hiyo alikuwa juu ya ngazi, mikono iko kwenye nyaya. Akasikia nimemkaribisha. Akasikia kimya. Wenzake wakasema, simu imekatika.

"Nikajua," aliniambia. "Yeye hanyamazi. Hata akikasirika hanyamazi. Nilishuka ngazi mbio, nikaacha nyaya zinaning'inia. Mwenzangu akauliza kama umeme umenipiga."

Wasikilizaji wapendwa, nilikwenda nyumbani kwao na swali moja. Nilitaka kujua ile sababu. Kwa nini wimbo wa harusi? Nilidhani nyumbani watajua, nije niwaambie, angalau tupate pa kushika.

Nilimuuliza mumewe. Akasema wao walioana kwa kusaini tu, hapakuwa na ukumbi wala wimbo. Nilimuuliza dada yake. Akasema hakuna harusi kwenye ukoo mwaka huu. Nikamuuliza Mama Madoa, akasema walikuwa na suti tatu za harusi mezani, lakini kila wiki zipo.

Jirani nilimuuliza mwisho. Alikuwa amekaa jikoni, upande ule wa ukuta. Alisema Jumatano waliketi kama kawaida, na wimbo wa harusi haukutajwa. Walizungumza habari ya sufuria kubwa, nani ameiazima. Alisema, "Sina mchumba, kama ndicho unachotaka kuuliza. Nimewaza kila kitu. Labda alikuwa ananitania. Labda alikuwa na jambo la kuniambia akaona aniambie kwa kupitia kwako. Sijui, mtangazaji. Na wa kumuuliza ni yeye."

Nikamwambia tunataka kuupiga wimbo ule leo, kwa heshima yake. Akanikatalia. Hakunikatalia kwa ukali. Alisema, "Naomba msiupige. Nikiusikia kabla sijajua sababu, utakuwa wimbo wa kifo chake. Na yeye alikuwa anacheka."

Basi hatutaupiga. Wala jina lake sitalitaja. Mtayarishaji ameuondoa kwenye orodha, na ameniambia akiwa hewani nami hawezi kunitazama usoni, kwa kuwa alimweka kwenye foleni bila kumbana aiseme ile sababu, ndiyo maana leo mnasikia nimekaa chumba hiki peke yangu.

Kwa dereva, tunakupa pole. Kwa dada mkubwa, pole sana. Kwa Mama Madoa, na kwa mwenye duka ambaye amefunga meza ile ya pasi na hajaruhusu mtu aitumie, poleni. Na kwako Jirani, ambaye umefiwa na mama mara mbili, mimi na wasikilizaji wote tunakupa mkono wa pole. Kwenye msiba nilisikia watu wakikwambia umefiwa na mama wa kambo, na nikakusikia ukiwajibu, "Nimefiwa na jirani yangu," wakakutazama kama umechanganyikiwa. Sisi tumekuelewa.

Wasikilizaji wapendwa, sina mafunzo ya kuwapa. Nina ombi. Kuna mtu ndani ya nyumba yako, au meza ya pili kazini, ambaye unamsikia akisikiliza kitu kila siku na hujawahi kumuuliza ni nini. Zima redio sasa hivi, hata kama ni mimi ninayeongea, umuulize. Akikutajia wimbo, usiishie hapo. Muulize na kwa nini. Akisema atakwambia kesho, mwambie hapana, niambie leo.

Nawaacha mkaulize.